Ng'ombe wa Mpwapwa atolewe nje ya uzio wa kituo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowagusa wafugaji wa mkoa wa Dodoma, na kwa kweli wafugaji wote wa nyanda kame za katikati ya nchi yetu. Kwa miaka mingi sasa, kila unapobuniwa mpango wa kumwinua mfugaji mdogo kwa njia ya maziwa, wazo la kwanza huwa ni kumletea mitamba chotara wa Friesian au Ayrshire, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, kutoka mikoa yenye baridi na majani mabichi. Wakati huohuo wilaya ya Mpwapwa inaye ng'ombe wake yenyewe, aliyetengenezwa hapohapo kwa ajili ya jua hili na kiangazi hiki kirefu, ambaye vijana wengi wa vijijini kwetu wamemsikia kwa jina tu. Hoja yangu ni kwamba ng'ombe huyo akabidhiwe wafugaji, pamoja na madume yake na kumbukumbu zake, kabla idadi yake haijapungua mpaka akawa hawezi tena kumfaa mtu.

Pengine baadhi ya wasomaji wako wanaifahamu Mpwapwa kwa mambo mengine. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe na Ujiji ilipumzika hapo kwa sababu ya maji yanayoshuka kutoka milimani. Wamisionari wa Kianglikana walijenga kituo chao katika miaka ya 1870. Na mwaka 1889 Bushiri bin Salim na watu wake walikivamia kituo cha Wajerumani wakakichoma. Mifugo iliingia katika historia hiyo baada ya ugonjwa wa sotoka kufyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliweka hapo kituo cha tiba ya mifugo, Waingereza wakakirithi na kukipanua, na hadi leo Mpwapwa ina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, pamoja na kampasi ya Wakala ya Mafunzo ya Mifugo, LITA. Maofisa mifugo wengi waliotawanyika nchi hii wamewahi kula vumbi la Mpwapwa wakiwa wanafunzi.

Kazi ya kumtengeneza ng'ombe wa Mpwapwa ilichukua takribani miongo miwili, hadi mwaka 1958 alipotambuliwa kuwa kosaafu, yaani aina ya mifugo, inayojitegemea. Msingi ulikuwa ni ng'ombe wetu wa asili wa pembe fupi, ambaye wataalamu wamezoea kumgawa katika koo zake: mwekundu wa Iringa, mweupe wa Singida, wa Mkalama, wa Kimaasai, wa Tarime, wa Mbulu, na huyu wa Kigogo tunayemchunga sisi. Ng'ombe huyu ni mvumilivu kupita kiasi, lakini maziwa yake, baada ya ndama kupata haki yake, ni lita moja au mbili tu. Waliotafuta wa kumchanganya naye hawakukimbilia Ulaya moja kwa moja. Walikwenda kwenye nchi kavu zenye joto kama kwetu, wakachukua Sahiwal wa Punjab na Sindhi mwekundu wa Sindh, huko Bara Hindi, ambao wote wana nundu na ni wa kiangazi, ila wamechaguliwa kwa maziwa tangu enzi za mababu wa watu wa huko. Zaidi ya nusu ya damu ya ng'ombe wa Mpwapwa inatokana na hao wawili. Yapata moja ya tano ni ya ng'ombe wetu wa asili, na sehemu iliyobaki ni ya Borana, Ankole na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya kama Ayrshire. Lengo liliandikwa waziwazi: ng'ombe wa maziwa na nyama kwa mfugaji mdogo wa nchi kame.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndimo ulimo ufunguo wa tatizo letu la sasa. Mfugaji anapopewa mtamba chotara wa kizazi cha kwanza, yaani mtoto wa Friesian na ng'ombe wa asili, mara nyingi hufurahi, na ana sababu ya kufurahi. Kizazi cha kwanza kina nguvu ya uchotara: kinakua upesi, kinakamuliwa vizuri na kinastahimili magonjwa kwa kiasi chake. Shida huanza mtamba huyo anapopata joto na mwenye ng'ombe akajiuliza ampandishe kwa dume gani. Akimrudisha kwa Friesian, ndama atakuwa na robo tatu ya damu ya Ulaya, na ndama wa namna hiyo anahitaji majani mabichi, pumba, mashudu na dawa kila wiki. Akimpeleka kwa dume la jirani, yaani dume la asili linalozurura na kundi machungani, maziwa ya binti yake yatashuka karibu na pale tulipoanzia. Hakuna afisa ugani anayeweza kumpa jibu zuri, kwa sababu jibu zuri halipo kijijini. Baada ya vizazi vitatu kundi lake linakuwa ni mchanganyiko usiotabirika, kila ng'ombe na tabia yake, na mradi unahesabiwa kuwa umeshindwa huku lawama zikimwangukia mfugaji kwamba hana elimu.

Ng'ombe wa Mpwapwa ameshavuka daraja hilo. Mchanganyiko wake ulishafanyika, ukachujwa kwa kuwapandisha wao kwa wao na kuwaondoa wasiofaa, hivyo jike la Mpwapwa likipandwa na dume la Mpwapwa hupatikana ndama wa Mpwapwa. Mfugaji haulizwi hesabu za robo na nusu. Anachohitaji ni dume la aina ileile, lisilo ndugu wa karibu wa majike yake, na hilo ni jambo ambalo mchungaji yeyote wa Kigogo analielewa bila semina.

Nalitaja jua kwa kuwa wanaopanga miradi hiyo hukaa ofisini zenye viyoyozi. Mvua zetu huanza Desemba zikaisha Aprili, zikiwa na ukaidi wa kukatika katikati, na kuanzia Juni hadi Novemba hakuna jani bichi isipokuwa kandokando ya makorongo. Ukipita mwezi wa Oktoba, saa nane za mchana, kwenye boma la mtu aliyepewa chotara mwenye damu nyingi ya Ulaya, utamkuta ng'ombe huyo amesimama chini ya mkwaju, ulimi nje, ubavu ukienda mbio, hataki hata mabua ya mtama aliyowekewa mbele yake. Maji anayoyahitaji kwa siku katika joto hilo ni lita 60 au zaidi, yaani ndoo tatu zilizojaa. Ndoo hizo anazijaza mama kwa kata, akiwa ameinama ndani ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa korongo, akisubiri maji yachuruzike upya kila anapochota. Katika boma la pili, ng'ombe wa Mpwapwa, mwekundu wa kahawia, masikio yamelala kidogo, ngozi ya koo ikining'inia, hurudi jioni kutoka machungani na wenzake wa asili kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye nyumba humfungulia ndama anyonye kidogo kila chuchu, kisha humfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, ndipo anakamua. Maziwa yake ni mara mbili au mara tatu ya yale ya ng'ombe wa kawaida, na gharama yake haipishani sana na ya ng'ombe huyo wa kawaida.

Sitaki kumpamba kupita ukweli. Ng'ombe wa Mpwapwa hatafikia maziwa ya Friesian wa Rungwe au wa Hai, wala hakukusudiwa kufikia. Anachelewa kubeba mimba ya kwanza kuliko ng'ombe wa kisasa, ana tabia hiyo ya kugoma kuachia maziwa ndama asipokuwepo, na katika mashamba yenyewe si kila mwaka amefikia kiwango ambacho waliomtengeneza walikitamani. Naye pia huugua ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, akiachwa bila kuogeshwa, kwa hiyo habari ya majosho yaliyokauka katika vijiji vyetu inabaki palepale. Lakini kasoro hizo ni za kurekebishwa kwa kuchagua na kuendelea kuchagua, na huwezi kuchagua ikiwa kundi ni dogo. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Kundi likiwa la mamia tu, na likiwa limefungiwa katika vituo vichache, muda si mrefu dume huanza kupanda binti zake na wajukuu wake; uzazi unapungua, ndama wanazaliwa dhaifu, na mtu asiyejua sababu atasema kosaafu yenyewe ni mbovu. Nchi yenye ng'ombe takribani milioni 33.9, kwa hesabu ya Sensa ya Kilimo ya mwaka 2019/20, haina udhuru wa kuiacha kosaafu yake ya maziwa ya nchi kame ifikie hapo kwa kukosa majike wa kutosha.

Tutazame jirani zetu wa Kenya walivyofanya na ng'ombe walewale. Sahiwal walianza kuingizwa huko kutoka Bara Hindi mwaka 1939, na kundi safi likatunzwa Naivasha. Kituo kile kiliuza madume kwa wafugaji, nao wafugaji wa Kimaasai wa Kajiado na Narok, ambao hakuna awezaye kuwafundisha ng'ombe, wakaona faida na kuwachanganya na ng'ombe wao wadogo wa asili. Leo ukienda minadani kule utawakuta Sahiwal na chotara wao wamejaa, wakubwa kwa umbo na wazuri kwa bei. Borana naye asili yake ni nyanda za Waborana, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ng'ombe wa watu wanaohama na mifugo yao kufuata visima. Wafugaji wa ranchi za Kenya waliunda chama chao cha Borana mwaka 1951, wakafungua daftari la uzazi, wakaandika nani kazaliwa na nani na ana uzito gani. Kwa sababu ya daftari hilo, Borana sasa anafugwa hadi Afrika Kusini, na anayetaka kumnunua anajua anachonunua. Ng'ombe wa Mpwapwa alitambuliwa miaka saba tu baada ya chama hicho kuundwa. Tofauti ni kwamba Borana alikuwa na wenyewe waliomtegemea kwa mkate wao wa kila siku, ilhali wa Mpwapwa amebaki kwa sehemu kubwa kuwa mali ya serikali, akisubiri bajeti.

Na bajeti, Mhariri, tunaijua. Utafiti wa mifugo hauonekani kwa macho kama barabara au zahanati, na kosaafu ya ng'ombe haina mpiga kura. Kituo kinaweza kukaa miaka kadhaa kikipata mishahara bila fedha za kutosha za malisho, na katika mwaka wa ukame mkuu wa kituo hulazimika kuuza ng'ombe ili wengine wale. Siwalaumu watumishi hao, kwani wengi nimewaona wakifanya kazi kwa moyo katika mazingira magumu. Nasema tu kwamba mali ya namna hii haifai kuwekwa yote katika kapu la ofisi moja.

Yapo wanaojibu kwamba siku hizi kuna uhimilishaji, yaani kumpandikiza jike mbegu zilizohifadhiwa bila dume, kwa hiyo habari ya madume imepitwa na wakati. Mbegu zihifadhiwe kwa wingi, nakubali, na mbegu za Mpwapwa ziwepo wakati wote katika kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, kama akiba ya siku mbaya na kama njia ya kupeleka damu mpya mahali palipo mbali. Lakini vijijini kwetu uhimilishaji una vikwazo vinavyojulikana. Naitrojeni ya maji ya kuhifadhia mbegu inakuja kwa kuchelewa au haiji. Mhimilishaji yuko umbali wa saa mbili kwa pikipiki. Ng'ombe aliye machungani anaonyesha dalili za joto usiku, na asubuhi mchungaji, ambaye ni mtoto wa miaka kumi, hajui kama kuna lililotokea. Dume halihitaji kupigiwa simu. Dume moja zuri la Mpwapwa likikaa katika kitongoji kwa miaka miwili, kisha likabadilishwa na la kitongoji kingine kabla halijawafikia binti zake, litaacha mabadiliko ambayo semina kumi haziwezi kuyaleta.

Tunao pia utaratibu wetu wa asili ambao wapangaji wa miradi wangeuona kama wangekaa nasi kidogo. Mgogo mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika boma moja. Huwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki wa vijiji vingine, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki na mbegu. Anayetunza hupata maziwa na samadi, na uhusiano wa watu huimarika. Utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao mashirika yaliutangaza kana kwamba ni uvumbuzi, una undugu mkubwa na huo. Basi kwa nini ng'ombe wa Mpwapwa wasisambazwe kwa njia hiyo? Familia ipewe mitamba wawili, irudishe mitamba wawili wa uzao wa kwanza kwa familia nyingine ya kijiji hicho, na kituo kibaki na haki ya kuchukua ndama dume walio bora kwa ajili ya kuendeleza uteuzi. Hivyo kila boma litakuwa ni tawi la shamba la serikali bila serikali kulipia mchungaji.

Sharti langu katika hilo ni daftari. Bila kumbukumbu, baada ya miaka kumi ng'ombe hao watayeyuka katika makundi ya asili kama chumvi katika maji, na hatutajua tena yupi ni Mpwapwa. Herini ya namba sikioni, jina la baba na mama, tarehe ya kuzaliwa, na kipimo cha maziwa mara moja kwa mwezi vinatosha kwa kuanzia. Wanafunzi wa LITA wanaokwenda mafunzo ya vitendo wanaweza kupewa kazi hiyo kijiji kwa kijiji, nao watajifunza zaidi kwa kupima maziwa ya ng'ombe wa mtu mwenye njaa ya kujua kuliko kwa kunakili ubaoni.

Nimeandika juu ya ng'ombe, lakini si yeye pekee. Mbuzi aliyetengenezwa Malya, mkoani Mwanza, kwa kuchanganya Kamorai, Boer na mbuzi wetu wadogo wa asili, amepata bahati inayofanana na hiyo: anasifiwa katika maonyesho ya Nane Nane, watu wanapiga naye picha, kisha anarudishwa kituoni. Na jirani zetu wa Kongwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpwapwa, wanao mfano mkubwa zaidi wa mpango ulioletwa bila kuuliza wenyeji habari za mvua na udongo, yaani ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, uliokula mamilioni ya pauni na kutuachia mashina yaliyong'olewa. Ardhi ile ilipata maana baadaye, ilipogeuzwa kuwa ranchi. Ng'ombe ndio walioiweza.

Sera ya Taifa ya Mifugo ya mwaka 2006 inazungumzia uhifadhi wa kosaafu zetu, na sina ugomvi na maneno yake. Ninachoomba kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na kwa waheshimiwa wabunge wa Dodoma watakapokaa kujadili makadirio, ni mambo yanayoweza kupimwa. Idadi ya majike na madume wa Mpwapwa walio hai itangazwe kila mwaka, kituo kwa kituo, kama tunavyotangaziwa tani za korosho. Fedha za kununua mitamba wa kugawiwa katika wilaya za Mpwapwa, Kongwa, Chamwino, Bahi na Kondoa zielekezwe kwanza katika kuzalisha mitamba na madume wa Mpwapwa, hata kama itamaanisha kusubiri miaka mitatu kabla ya kukabidhi ng'ombe wa kwanza mbele ya kamera. Na wafugaji watakaowapokea waundiwe chama chenye daftari lake, wakiwa wanachama wanaolipa ada na wenye sauti ya kusema dume lipi libaki na lipi liende kwa mchinjaji.

Naelewa kwamba miaka mitatu ni mirefu kwa kiongozi anayetaka kuonyesha kazi kabla ya uchaguzi. Ukame wa 2021 na 2022, uliomaliza maelfu ya ng'ombe Simanjiro na maeneo ya jirani, haukumwuliza mtu kalenda yake. Zipo halmashauri ambazo hivi sasa zinaandaa orodha za wanufaika wa ugawaji ujao wa mitamba. Nawaomba wakurugenzi wake, kabla hawajasaini mkataba na mzabuni wa kuwaleta ng'ombe kutoka nyanda za juu, wafunge safari ya kilomita zipatazo 120 kutoka Dodoma mjini hadi Mpwapwa, wawaone ng'ombe waliopo, na waulize bei.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji na afisa ugani mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma.